Madaktari vijana wanatuacha kila baada ya miaka 2: tuwafunge kwa mkataba au tuwaongezee posho?

Swali la msomaji: "Mimi ni mjumbe wa bodi ya hospitali ya mkoa ulio mbali na makao makuu ya nchi. Kila mwaka tunapokea madaktari vijana kama 6 waliomaliza utarajali, yaani mafunzo ya kazini baada ya chuo. Tumewajengea nyumba na kuwaongezea posho, lakini baada ya miaka 2 wanakuwa wameshaondoka, nasi tunaanza upya. Sasa nusu ya wajumbe wanataka tuwafunge kwa mkataba wa miaka 5, atakayeuvunja alipe. Nusu nyingine wanataka posho ipandishwe tena. Kikao ni mwezi ujao. Nipige kura upande gani?"

Ndugu mjumbe,

Ningekuwa kwenye kiti chako nisingepiga kura upande wowote mwezi ujao. Ningeomba uamuzi uahirishwe kwa majuma machache, na katika majuma hayo ningewatafuta madaktari 10 wa mwisho walioondoka hospitalini kwenu, nimpigie simu mmoja baada ya mwingine, nimuulize jambo moja: uliamua lini kuondoka? Usiwaulize kwa nini. Ukimuuliza mtu kwa nini aliondoka, anakupa jibu alilokwisha kulitayarisha: mshahara, mwenzi wake, shule ya watoto. Ukimuuliza lini, atakumbuka siku, na siku hiyo ina kisa chake.

Nimekaa na madaktari wanaohama kwa miaka mingi, na kisa kimoja hakinitoki. Daktari kijana, mwanamke, alikuwa na miezi 3 kazini. Usiku wa manane mama aliyetoka kujifungua akaanza kutokwa damu bila kukoma. Akampigia daktari mwandamizi wa zamu. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, vilevile. Chumba cha damu kilikuwa kimefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa amelala kwake. Aliyemwokoa ni muuguzi mzee wa wodi ya wazazi, aliyemwonyesha namna ya kuubana mfuko wa uzazi kwa mikono miwili mpaka dawa zilipofanya kazi. Mama yule alipona. Asubuhi hakuna mkubwa hata mmoja aliyemuuliza daktari huyu amelalaje. Aliulizwa kwa nini fomu fulani haina saini. Barua yake ya kuomba uhamisho ilisema anamfuata mume. Mimi aliniambia kwamba moyo wake ulihama asubuhi ile, na mwili ukafuata miezi 8 baadaye.

Nimesikia kisa hicho, kwa sura tofauti, mara nyingi kiasi kwamba nikiambiwa madaktari wanaondoka mkoani kwa sababu ya fedha huwa naomba kwanza niione orodha ya zamu za usiku.

Kuna hesabu moja ningependa uipeleke kikaoni, maana inageuza mazungumzo yote. Mnapokea madaktari 6 kwa mwaka, kila mmoja anakaa miaka 2. Kwa hiyo wakati wowote mnao 12. Wakikaa miaka 4, mtakuwa nao 24, bila kuajiri hata mmoja zaidi ya wale 6 wa kila mwaka. Na si idadi peke yake inayoongezeka. Daktari wa mwaka wa nne anawajua wauguzi, anazijua njia za rufaa, anajua ni mgonjwa gani wa kumsafirisha usiku na yupi wa kusubiri alfajiri, na yeye ndiye anayemshika mkono mgeni. Bodi nyingi hutafuta daktari wa kukaa maisha, zikimkosa zinakata tamaa. Lengeni miaka 4. Wa kukaa 20 atajitokeza mwenyewe miongoni mwa hao.

Tuje kwenye pendekezo la mkataba, kwa kuwa najua ndilo linalopigiwa makofi. Lina historia ndefu. Thailand imewataka madaktari wanaohitimu wautumikie umma kwa miaka 3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na anayeacha hulipa faini. Afrika Kusini ilianzisha mwaka 1 wa utumishi wa lazima kwa madaktari mwaka 1998. Mipango ya aina hii ilifanya jambo moja vizuri: ilijaza nafasi. Hospitali ambazo hazikuwa na daktari zikampata. Lakini kujaza nafasi ni kazi moja na kumfanya mtu abaki ni kazi nyingine kabisa. Aliyefungwa huhesabu miezi. Mwenye uwezo hulipa faini akaenda zake. Asiye nao hubaki na kinyongo, na kinyongo cha daktari huanza kuonekana kwa mgonjwa. Thailand wenyewe hawakuishia kwenye sharti hilo. Miaka ya 1990 walianzisha mpango wa kuchukua wanafunzi kutoka mikoani na kuwapa mafunzo ya wodini katika hospitali za mikoani.

Huenda mjumbe mmoja akasema Japani wamefanikiwa kwa mkataba, na atakuwa amesema kweli. Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi kilianzishwa mwaka 1972 kwa ushirikiano wa mikoa yote 47 ya nchi ile. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wake 2 au 3 kila mwaka, ada hubebwa, na mhitimu hurudi kuutumikia mkoa wake kwa miaka 9, yaani mara moja na nusu ya miaka 6 aliyosoma. Walio wengi sana hutimiza. Lakini mwombe mjumbe huyo aufungue mkataba ule atazame kilichomo. Kijana anachaguliwa kutoka mkoa wake kabla hajagusa kitabu cha tiba. Anajua tangu siku ya kwanza anakokwenda. Anafundishwa udaktari wa jumla, ule unaohitajika kwenye hospitali ndogo. Na ndani ya miaka hiyo 9 kuna vipindi vya mafunzo katika hospitali kubwa, ili asidumae. Pendekezo lililo mezani kwenu limechukua miaka na faini, likaacha mengine yote.

Isitoshe, nyinyi mnataka kumfunga mtu aliyekwisha kuhitimu, ambaye anaweza kwenda mkoa wa jirani usio na mkataba wowote. Wale mnaowataka zaidi, wenye pa kwenda, hawatafika kwenu kabisa. Hili peke yake lingenitosha kupiga kura ya hapana.

Ikiwa siasa za kikao zitakulazimisha kukubali mkataba wa namna fulani, basi ufunge pande zote mbili. Hospitali nayo iandike itakachotoa: mwandamizi wa kupokea simu kila usiku, siku za mapumziko zisizovunjwa, mshahara kwa tarehe, barua ya ruhusa ya masomo baada ya muda uliotajwa. Na daktari awe huru kuondoka bila kulipa hospitali ikivunja upande wake. Uzoefu wa Marekani unafundisha jambo hapa: wanaochagua wenyewe baada ya kuhitimu, kwa ahadi kwamba deni lao la masomo litalipwa kadiri wanavyotumikia, kwa jumla wamekaa muda mrefu kuliko waliotia saini wakiwa wanafunzi, kabla hawajajua watakuwa watu gani.

Kuhusu posho sina mengi. Fedha ina kazi yake, na anayedharau mshahara wa mwenzake hajui kodi ya nyumba. Malawi, katika mpango wa dharura ulioanza mwaka 2004, iliongeza mishahara ya kada muhimu za afya kwa asilimia 52, wakati ambapo watumishi walikuwa wakimiminika nje, na wakati huohuo ikapanua mafunzo. Mshahara ukiwa chini ya kiwango cha kuishi kwa heshima, hakuna lolote nitakaloandika hapa litakalosaidia. Lakini kwenu posho imepandishwa na watu wameendelea kuondoka, kwa hiyo mnajua tayari. Ningetaka kujua kama posho hiyo inalipwa kwa wakati. Posho ndogo inayoingia tarehe ileile kila mwezi humtuliza mtu kuliko kubwa inayochelewa miezi 3 na kumfanya awe mgeni wa ofisi ya uhasibu. Tena ipangwe kwa kufuata mahali na ugumu wa kazi, ifike kwa wauguzi na watu wa maabara pia. Daktari anayelipwa vizuri katikati ya timu iliyonuna hadumu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2010 mapendekezo ya kuwavutia na kuwabakisha watumishi wa afya katika maeneo ya pembezoni, likayapitia upya mwaka 2021. Yamegawanywa mafungu 4: elimu, kanuni, motisha ya fedha, na msaada wa kitaaluma na wa maisha ya mtu. Na yanasisitiza kwamba mafungu hayo yaende pamoja. Bodi yenu inagombana juu ya la pili na la tatu. La kwanza na la nne halijaguswa, na kwa maoni yangu ndiko madaktari wenu wanakovujia.

Jiweke katika nafasi ya daktari wa miaka 27. Amesoma kuliko rafiki zake wote wa utotoni. Anataka kuwa bingwa wa upasuaji, au wa watoto, au wa uzazi. Mahali pekee pa kuusomea ubingwa huo ni jiji kuu. Kila mwaka anaokaa kwenu ni mwaka ambao wenzake waliobaki jijini wanajulikana kwa maprofesa, wanashiriki tafiti, wanapata barua za kupendekezwa. Hapo hata mumpe nyumba ya ghorofa, ataondoka. Hakuondoka kwa kuwachukia. Aliondoka kwa sababu barabara ya maisha yake haipiti kwenu. Akishafika jijini atakaa miaka 4 ya ubingwa, ataoa au kuolewa, mtoto ataanza shule, na hapo ndipo nyumbani patakapokuwa.

Ghana walilijua hili kwa gharama. Kati ya miaka ya 1960 na 1980 madaktari wao 30 walikwenda Uingereza kusomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake; waliorudi ni 3. Mwaka 1989 vyuo vikuu vya nchi, kwa kushirikiana na mabingwa wa Marekani na Uingereza, vilianza kuwafundisha mabingwa hao papo hapo Ghana, na karibu wote waliohitimu wamebaki nchini. Ila mwanzoni wengi walijikusanya Accra na Kumasi, miji mikubwa ya nchi hiyo. Na mafunzo yalifanyika wapi? Accra na Kumasi. Mimi naisoma sehemu hii ya pili kama uthibitisho wa ile ya kwanza: daktari huota mizizi pale alipofundishwa kuwa bingwa, iwe nchi au mji.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye baridi. Finnmark ni eneo la kaskazini kabisa mwa Norwei, lenye vijiji vilivyotawanyika na usiku wa miezi 2 hivi wakati wa kipupwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu robo ya nafasi za madaktari wa jamii zilikuwa tupu. Walichofanya ni kuuleta ubingwa wa udaktari wa familia na wa afya ya jamii kwa vijana waliokuwa tayari kazini kule. Hawakuhamishwa kwenda chuoni. Waliwekwa katika vikundi vidogo vyenye daktari mwenye uzoefu kama mlezi, wakawa wanakutana kwa ratiba, wanaleta visa vyao vigumu, wanajadiliana, na muda huo unahesabiwa kuelekea ubingwa. Takribani theluthi 2 ya waliomaliza katika vikundi hivyo walikuwa bado wanafanya kazi Finnmark miaka 5 baadaye. Kikundi kilikuwa darasa, lakini kilikuwa pia dawa ya upweke, na nadhani hilo la pili lilifanya kazi kubwa sawa na la kwanza.

Huenda ukajibu kwamba hospitali yenu haiwezi kuwa chuo. Haihitaji kuwa chuo kizima. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia kilianza kupeleka baadhi ya wanafunzi wake wa udaktari wakakae mwaka mzima katika miji midogo ya Riverland, badala ya kuzunguka wodi za hospitali kuu ya Adelaide. Watu waliogopa viwango vitashuka. Matokeo ya mitihani ya waliokwenda huko yalikuja kuwa mazuri kuliko ya wenzao wa mjini, kwa sababu walikuwa wachache, walimwona mgonjwa mmoja tangu analalamika mpaka anapona, na mwalimu wao aliwajua kwa majina. Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani kimekuwa kikifanya jambo linalofanana na hilo tangu mwaka 1971.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mkataba wowote, andikeni barua kwa chuo kikuu kilicho karibu zaidi nanyi, na kwa baraza linalotoa ithibati, yaani kibali rasmi, ya mafunzo ya ubingwa. Ombeni hospitali yenu ipimwe kama inaweza kubeba sehemu ya mafunzo: mwaka 1 kati ya 4, au ubingwa mmoja tu wa kuanzia. Udaktari wa familia ndio mwepesi kuanza nao, kwa kuwa unahitaji wingi na mchanganyiko wa wagonjwa, jambo ambalo hospitali ya mkoa inalo kuliko hospitali ya taifa. Mtaambiwa idadi ya mabingwa walimu haitoshi. Jibuni kwa mpango: bingwa mgeni anayekuja kwa tarehe zinazojulikana mwaka mzima, na masomo kwa mtandao katikati. Njia ya mtandao si ndoto. Mwaka 2003 daktari Sanjeev Arora wa jimbo la New Mexico, Marekani, alianzisha vikao vya video vya kila juma na wahudumu wa vijijini juu ya homa ya ini aina ya C, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha wagonjwa waliotibiwa vijijini kwa njia hiyo walipona sawasawa na wale wa hospitali ya chuo kikuu. Angalia aliyetibu ni nani: mhudumu wa kijijini mwenyewe. Bingwa hakumnyang'anya mgonjwa kwa kioo cha kompyuta, alimfundisha. Huduma ya tiba mtandao inayomfanya daktari wa mkoani awe mpiga picha wa bingwa wa jijini haimbakishi mtu.

Ithibati itachukua miaka. Kipo kinachoweza kuanza mwezi ujao, na hapa narudi kwenye ule usiku wa damu.

Daktari aliyetoka kwenye utarajali ana elimu nyingi na mikono michanga. Akiwa peke yake usiku, kila uamuzi ni wa maisha na kifo, na akikosea hakuna wa kumwambia kwamba hata mwenye uzoefu angekosea. Watu husema kazi ya mkoani ni ngumu kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Vijana niliozungumza nao waliubeba wingi huo. Kilichowavunja ni kuwa peke yao nao. Kwa hiyo orodha ya zamu iwe na majina 2 kila usiku: aliyepo wodini, na mwandamizi anayepokea simu. Huyo wa pili alipwe kwa kupokea simu, na asipopokea ajibu asubuhi. Ufunguo wa chumba cha damu uwe na mtu aliyepo. Kila tukio zito, mgonjwa apone au afe, lizungumzwe ndani ya siku 2, mwandamizi akianza kwa kueleza kosa lake mwenyewe la zamani. Nimeona hospitali masikini sana ikishika vijana wake kwa hilo la mwisho tu.

Msiwatawanye. Wakuu wa afya wenye huruma humgawia kila kituo daktari 1 ili haki ionekane. Daktari 1 peke yake kituoni ni sawa na hakuna, kwa kuwa akiugua, akienda likizo au akichoka, kituo kimefungwa, naye anakuwa mfungwa wa zamu isiyokwisha. Heri vituo 2 vyenye madaktari 3 kila kimoja, wakitembelea vingine kwa ratiba, kuliko vituo 6 vyenye mpweke mmojammoja. Najua ugumu wa kulisema hili mbele ya wananchi wa kituo kitakachoachwa. Lakini wananchi hao leo wana daktari kwenye karatasi.

Angalieni pia kama mtu anaweza kufanya kazi aliyosomea. Daktari mwenye mikono mizuri ya upasuaji, katika hospitali isiyo na mtaalamu wa dawa ya usingizi, anaona ujuzi wake ukififia mwezi hadi mwezi. Mara nyingine njia rahisi ya kumbakisha daktari ni kuajiri mtu wa usingizi. Au fundi wa mitambo ya oksijeni.

Nyumba mlizojenga ni jambo jema na msizijutie, ila nyumba njema si mlango. Je, maji yanatoka? Mwenzi wa daktari anaweza kupata kazi hapo, naye amewahi kuulizwa anafanya kazi gani? Siku ya usaili mnamhoji mtu mmoja, na wanaoamua kukaa au kuondoka huwa wawili.

Sasa kuhusu fungu la elimu kwa upana wake. Ushahidi mkubwa tulionao duniani kote ni kwamba anayetoka pembezoni ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kufanya kazi pembezoni. Chuo Kikuu cha Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kilianza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka 1973 kwa lengo hilohilo. Wahitimu wake wa awali walipofuatiliwa, zaidi ya nusu walikuwa wamebaki kaskazini, na miongoni mwa waliokulia huko walikuwa zaidi ya 4 kati ya 5. Chuo cha tiba cha Jefferson, Philadelphia, Marekani, kina mpango maalumu tangu mwaka 1974 wa kuchagua vijana waliokulia vijijini na wanaotaka kurudi huko. Theluthi 2 ya wahitimu wake walioanza udaktari wa familia vijijini walikuwa bado wapo mahali palepale baada ya miaka 11 hadi 16. Katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hospitali ya Mosvold haikungoja serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kuwafadhili vijana wa eneo lake wasomee fani za afya, ikawafuatilia chuoni mwaka baada ya mwaka, ikawapokea wakati wa likizo wafanye kazi wodini. Mara nyingi chuo huwapokea watoto wa vijijini na kuwaacha wazame peke yao katika mwaka wa kwanza; ule ufuatiliaji ndio uliowavusha.

Mavuno ya njia hii huja baada ya miaka 8 au 10, na bodi hubadilika kabla ya hapo. Ndiyo sababu haifanyiki. Anzeni na shule 2 za sekondari zenye walimu dhaifu wa kemia na baiolojia. Ni matumizi ya fedha ambayo hakuna atakayewasifu kwayo mwaka huu.

Jambo moja zaidi ambalo madaktari wenzangu hawapendi nikilisema: baadhi ya kazi mnazomtafutia daktari zinaweza kufanywa vema na tabibu, mhudumu asiye na shahada ya udaktari, aliyefundishwa kwa kina. Msumbiji ilianza mwaka 1984 kuwafunza mafundi wa upasuaji wasio madaktari. Walipofuatiliwa, miaka 7 baada ya kuhitimu asilimia 88 ya mafundi hao walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya. Kati ya madaktari waliopangiwa huko katika muda uleule hakubaki hata mmoja. Hao hawawaondolei haja ya madaktari, ila wanampa daktari kijana timu imara. Wapeni cheo na njia ya kupanda.

Na kuna njia ya mkato ambayo lazima mtaletewa, ya kuleta madaktari wa kigeni kwa wingi. Brazili ilifanya hivyo kuanzia mwaka 2013, maelfu kutoka Kuba, na maeneo yaliyosahaulika yakapata huduma kweli. Mwishoni mwa mwaka 2018 Kuba ilipokosana na rais mteule wa Brazili, ikawaita madaktari wake nyumbani, na maelfu ya nafasi zikawa wazi ndani ya majuma machache.

Umeandika kwamba madaktari wenu "wameshaondoka" kana kwamba habari yao imeisha. Hapo naomba tutofautiane kidogo. Daktari anayekwenda kusomea ubingwa baada ya miaka 3 mizuri hajapotea, isipokuwa mkimpoteza. Hospitali nyingi humtendea anayeaga kama msaliti: barua yake inakaliwa, posho ya mwisho inacheleweshwa. Nyinyi fanyeni kinyume. Aondoke akiwa na barua inayotaja nafasi anayoweza kuirudia na ubingwa mnaouhitaji. Mganga mkuu ampigie simu mara 2 kwa mwaka. Akiwa masomoni aalikwe kuja kufanya utafiti wake kwenye wodi zenu, ambako wagonjwa wapo na hakuna anayewaandika. Katika 6 watarudi labda 2, wakiwa mabingwa na walimu, na barua ile ya kuomba ithibati itapata nguvu mpya.

Basi, kura yako, iwapo uamuzi hautaahirishwa. Mkataba, hapana, katika sura uliyonieleza. Posho, isipandishwe mpaka ijulikane inalipwa tarehe ngapi. Badala ya yote mawili omba kikao kikupe mambo 3: idhini ya kukiandikia chuo kikuu, fungu dogo la kuwalipa wandamizi wanaopokea simu za usiku, na orodha ya zamu ya mwezi uliopita. Hiyo orodha ifikishwe mezani siku hiyohiyo. Mpitie usiku mmoja baada ya mwingine, na kila penye jina moja tu, muulize mganga mkuu: yule kijana alikuwa ampigie nani?